Kuunda serikali huku vita vikiendelea: hatua za Massachusetts, 1774 hadi 1780

Anayeanza kusoma habari za makoloni 13 ya Amerika Kaskazini hudhani serikali mpya zilianzia kwenye karatasi: watu waliketi, wakaandika katiba, kisha wakaitii. Massachusetts ilikwenda kinyume. Katiba yake ilikamilika mwaka 1780, wakati mahakama za mfalme zilikuwa zimeshafungwa, kodi imeshageuzwa njia, jeshi limeshaandikishwa na noti zimeshachapwa. Mpangilio huo ndio unaofuatwa hapa, pamoja na mahali kazi ilipokwama na sababu zake. Tumeichagua Massachusetts kwa kuwa vita vilianzia kwake na kwa kuwa ilikosea hadharani kabla ya kupatia.

Hesabu kwanza ulicho nacho

Koloni haikuanza mikono mitupu. Ilikuwa na miji zaidi ya 200 (Maine bado ilikuwa sehemu yake), na kila mji ulikuwa na mkutano wake wa kuchagua madiwani, makonstebo wa kukusanya kodi, na mwakilishi wa kwenda kwenye baraza la kutunga sheria. Ilikuwa na wanamgambo waliotambuliwa kisheria, wenye makamanda na siku za mazoezi. Ilikuwa na kamati za mawasiliano, ambazo ya kwanza iliundwa Boston Novemba 1772, zikipelekeana barua mji kwa mji. Juu ya yote ilikuwa na hati ya kifalme ya 1691. Kwa hati hiyo gavana aliteuliwa na mfalme, lakini wawakilishi walichaguliwa na miji, na wajumbe 28 wa Halmashauri iliyomshauri gavana walichaguliwa na wawakilishi hao wakishirikiana na Halmashauri iliyokuwa inamaliza muda.

Mei 1774 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuibadili hati hiyo. Halmashauri iteuliwe na mfalme. Masherifu wawekwe na gavana. Wajumbe wa juri wachaguliwe na masherifu hao. Mji usifanye mkutano zaidi ya mmoja kwa mwaka bila idhini ya gavana. Gavana mwenyewe, Jenerali Thomas Gage, ndiye pia aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza Amerika Kaskazini.

Hapo wapinzani walipata zana bora kuliko bunduki. Hawakulazimika kusema wanaasi. Walisema aliyevunja makubaliano ni London. Dai la namna hiyo lishikwe kwa muda mrefu iwezekanavyo, kwa sababu ndilo linalowavuta waoga, wenye mali na mahakimu wa vijijini, watu ambao bila wao hakuna serikali inayoendeshwa.

Funga mahakama

Serikali ya mfalme ilikutana na mwananchi wa kawaida mahali pawili tu: kwa mkusanya kodi na mahakamani. Mahakama ndizo zilizoanza. Agosti 16, 1774 watu wapatao 1,500 waliizunguka mahakama ya Great Barrington, magharibi kabisa ya koloni, na majaji hawakuweza kuingia. Septemba 6 ikawa zamu ya Worcester. Walifika wanamgambo 4,622 kutoka miji 37, wakajipanga safu mbili kando ya barabara, na maofisa wa mahakama wakapitishwa katikati, kofia mkononi, wakirudia tamko la kujiuzulu zaidi ya mara 30 ili kila kikosi kilisikie kwa masikio yake. Hakuna risasi iliyopigwa. Idadi tunaijua kwa sababu watu walihesabiwa mji kwa mji, na hilo lenyewe ni funzo: umati usiohesabiwa ni ghasia, uliohesabiwa ni kura.

Wajumbe wa Halmashauri mpya walioteuliwa na mfalme walifuatwa majumbani. Wengi walijiuzulu, waliobaki walikimbilia Boston chini ya ulinzi wa askari. Kufikia vuli mamlaka ya Gage yalikuwa yameishia kwenye mipaka ya mji huo mmoja.

Kasoro ya hatua hii huonekana baadaye. Mahakama ikifungwa, madeni hayadaiwi, wosia hauthibitishwi, migogoro ya mipaka ya mashamba inabaki wazi. Mdaiwa hufurahi, mdai hulia, na anayefurahi hana haraka ya kuona milango ikifunguliwa tena. Kaunti ya Berkshire, iliyokuwa ya kwanza kufunga, ilikataa mahakama za kiraia zisikae hadi katiba ilipopatikana 1780. Mchungaji Thomas Allen wa Pittsfield na wenzake walisema wazi kwamba majaji walioteuliwa na serikali isiyo na katiba hawana tofauti na walioteuliwa na Gage. Ukiwafundisha watu kufunga mahakama, usitegemee watazifungua siku utakayowaomba.

Pata chombo cha kuketi

Chombo chenyewe kilipatikana kwa ujanja mdogo wa kisheria. Gage alikuwa ameitisha baraza la kutunga sheria likutane Salem Oktoba 5, 1774. Miji ilichagua wawakilishi kwa wito wake, lakini mingi iliwapa maagizo ya ziada: gavana akiwazuia, jigeuzeni Kongresi ya Jimbo. Septemba 28 Gage alifuta kikao. Wawakilishi 90 walikwenda Salem vilevile. Walimngoja gavana siku nzima aje kuwaapisha, kwa adabu zote, na alipokosekana wakapitisha azimio Oktoba 7 la kujigeuza kongresi. Oktoba 11 walikutana Concord, wajumbe sasa wakikaribia 300, John Hancock akiwa rais na Benjamin Lincoln akiwa katibu. Wiki iliyofuata wakahamia Cambridge.

Kungoja kule Salem si upuuzi. Kuliwawezesha kuandika kwenye kumbukumbu kwamba waliitwa kihalali, walifika kwa wakati, na aliyekosekana ni upande wa pili.

Kongresi hii haikutunga sheria hata moja. Ilitoa mapendekezo na maazimio tu, na kila azimio lilihitaji mkutano wa mji kulipigia kura na kulitekeleza. Msomaji wa leo anaweza kuona ni udhaifu. Kwa kweli ilikuwa kinga: mji uliokwisha kupiga kura yake wenyewe haukuhitaji polisi wa kuusukuma.

Geuza njia ya kodi

Oktoba 28, 1774 kongresi ilimteua Henry Gardner wa Stow kuwa mpokeaji mkuu wa mapato, na kuiagiza miji isimlipe tena mweka hazina wa mfalme, Harrison Gray. Viwango vya kodi havikubadilishwa, makonstebo walikuwa walewale, daftari ni lilelile. Kilichobadilika ni jina kwenye risiti. Ukitaka fedha haraka, usibuni kodi mpya. Elekeza ile ambayo watu wamezoea kulalamikia.

Tatizo lilikuwa kwa makonstebo. Kisheria konstebo aliwajibika kwa mali yake binafsi ikiwa fedha hazikufika kwa mweka hazina halali, na mfalme akishinda angedaiwa mara ya pili. Ndiyo maana miji mingine ilipiga kura ya kuwakinga makonstebo wake, ikiahidi kubeba hasara yoyote itakayowapata. Pasipo kinga hiyo fedha zilikaa mjini zikingoja kuona nani atashinda. Gardner alizipokea polepole, na kongresi ikalazimika kurudia wito wake.

Matumizi yalikuwa yameshapangwa siku chache kabla. Orodha ya ununuzi iliyopitishwa Oktoba inasomeka kama daftari la duka:

Mizinga 16 ya uwanjani ya kurusha risasi za ratili 3, pamoja na magari na vifaa vyake, pauni 480.
Mizinga 4 ya ratili 6, pauni 152.
Magari na vyuma vya mizinga mikubwa 12, pauni 360.
Mizinga mifupi 4 ya kurusha makombora, pauni 80.
Tani 20 za risasi za mizinga, pauni 300.
Tani 10 za makombora, pauni 200.
Tani 5 za risasi za bunduki, pauni 165.
Mapipa 1,000 ya baruti kwa pauni 8 kila moja, pauni 8,000.
Bunduki 5,000 zenye singe kwa pauni 2 kila moja, pauni 10,000.
Mawe 75,000 ya gumegume, pauni 100.
Dharura, pauni 1,000.

Jumla pauni 20,837. Angalia uzito ulipo: baruti na bunduki peke yake ni zaidi ya asilimia 86 ya bajeti. Bunduki zilipatikana kiasi, kwa kuwa kila mwanamgambo alitakiwa kuwa na yake. Baruti ndiyo iliyowashinda, maana koloni haikuwa na viwanda vya kutosha vya kuitengeneza na Uingereza ilikuwa imezuia kuingizwa kwake. Katika mapigano ya Bunker Hill, Juni 17, 1775, walinzi wa kilima waliishiwa baruti. Agosti mwaka huohuo George Washington, aliyekuwa amechukua uongozi wa jeshi lililoizingira Boston, aligundua kwamba akiba yote haifiki hata mipigo 10 kwa kila askari. Alifanya siri, na adui hakujua.

Liweke jeshi chini ya raia kabla halijaundwa

Oktoba 1774 kongresi iliunda Kamati ya Usalama ya watu 9 na Kamati ya Ugavi ya watu 5. Kazi zilitenganishwa makusudi: wa kwanza huita askari, wa pili hununua na kutunza mali. Wajumbe 5 wa Kamati ya Usalama walitosha kuwaita wanamgambo, kwa sharti kwamba katika hao 5 asizidi mmoja kutoka Boston. Sharti hili linastahili kuigwa na yeyote anayeandika kanuni za dharura. Boston ilikuwa na hasira kuliko mahali pengine, bandari yake ikiwa imefungwa tangu Juni 1, 1774, na vijiji viliogopa kuburutwa vitani na watu wa mji mmoja. Kwa mstari mmoja wa kanuni hofu hiyo ikapata dawa.

Wanamgambo walitakiwa kujipanga upya na kuchagua makamanda wao, ili wale waliopewa vyeo na mfalme wang'oke bila kufukuzwa. Angalau robo yao iliwekwa katika vikosi vya watu 50 vilivyo tayari kuondoka mara waitwapo. Hao ndio waliofika Lexington na Concord Aprili 19, 1775, siku ya mapigano ya kwanza ya vita.

Siku nne baada ya mapigano hayo kongresi iliazimia kuwe na jeshi la watu 30,000, Massachusetts ikitoa 13,600 na makoloni jirani yakiombwa yaliyobaki. Kuandikisha ni rahisi ghadhabu inapokuwa moto. Kulisha na kulipa ni shughuli nyingine, na hapo ndipo kongresi ya mapendekezo ilipofika mwisho wa nguvu zake. Askari hawaishi kwa maazimio. Viongozi wenyewe waliogopa: katika barua yao ya Mei 16, 1775 kwa Kongresi ya Bara, mkutano wa wajumbe wa makoloni uliokuwa Philadelphia, walieleza kwamba wanatetemeka kuwa na jeshi, hata kama ni la ndugu zao, pasipo mamlaka ya kiraia ya kulitunza na kulidhibiti.

Omba ruhusa, ukijua unachotaka kujibiwa

Barua hiyo iliuliza swali moja: tuunde serikali mpya, au mtuandikie muundo nasi tuufuate? Ilipelekwa na Dkt. Benjamin Church, mjumbe aliyeaminika sana, ambaye miezi michache baadaye iligunduliwa kwamba alikuwa akimpelekea Gage habari za siri. Kamati za siri huwa na tatizo hilo tangu zamani.

Jibu la Juni 9, 1775 lilikuwa la werevu. Sheria ya 1774 haina nguvu. Gavana na naibu wake wasioifuata hati ya 1691 wahesabiwe hawapo na viti vyao viko wazi. Miji ichague wawakilishi kama hati inavyotaka, wawakilishi wachague Halmashauri, nayo Halmashauri ishike madaraka ya gavana mpaka mfalme atakapomteua mtu atakayekubali kutawala kwa hati. Kwa maneno mengine, endesheni serikali ileile, kiti kimoja kikiwa kitupu.

Julai 19, 1775 baraza jipya lilikutana kwenye jumba la ibada la Watertown, maili chache kutoka mistari ya vita. Faida ilionekana mara moja: sasa walitunga sheria kamili badala ya mapendekezo, na kodi ikawa lazima. Muhuri mpya ukachongwa na Paul Revere, mwenye picha ya mtu ameshika upanga mkono mmoja na Magna Carta mkono wa pili.

Hasara zilichelewa kidogo. Halmashauri ya watu 28 ilikuwa sasa sehemu ya kutunga sheria na hapohapo ndiyo serikali tendaji. Hati ya uteuzi wa ofisa yeyote ilihitaji saini za wengi wao, yaani 15, kwa kila jaji, sherifu na kamanda. Tena watu walewale walirundikiwa vyeo. John Adams aliteuliwa Jaji Mkuu akiwa mjumbe Philadelphia, akajiuzulu mapema 1777 bila kukalia kiti hicho hata siku moja. Vijiji viliona, na malalamiko ya mtu mmoja kushika ofisi mbili au tatu yakawa kuni za mjadala wa katiba.

Jambo dogo la mwisho kwenye hatua hii: hati za mahakama bado ziliandikwa kwa jina la mfalme, huku askari wake wakipigwa risasi. Sheria ya Mei 1, 1776 iliamuru kuanzia Juni 1 ziandikwe kwa jina la serikali na watu wa Massachusetts Bay. Hiyo ni mwezi mzima kabla ya Tangazo la Uhuru la Julai 4.

Fedha za karatasi

Mei 1775, kabla hata ya baraza la Watertown, kongresi iliidhinisha mkopo wa pauni 100,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na Revere akachonga mabamba ya kuchapia hati zake. Njia hii hufanya kazi kwa muda tu: karatasi inashika thamani ikiwa kodi ya kuirudisha hazina inakusanywa kwa wakati. Makoloni yote yalichapa, Kongresi ya Bara nayo ikachapa, kodi ikabaki nyuma. Julai 1779 wajumbe wa miji walikutana Concord wakapanga bei za bidhaa, bila mafanikio ya kudumu, na Machi 1780 Kongresi ya Bara yenyewe ilikiri kwamba dola zake 40 za karatasi zihesabiwe sawa na dola 1 ya fedha. Aliyeumia zaidi ni askari aliyelipwa mshahara wake kwa karatasi hiyo akaenda nayo sokoni.

Katiba: nani ana haki ya kuiandika?

Hapa ndipo mwongozo huu unapaswa kusomwa taratibu.

Septemba 1776 wawakilishi waliiuliza miji: mnaturuhusu sisi na Halmashauri tuandike katiba? Mingi iliyojibu ilikubali. Mkutano wa mji wa Concord, Oktoba 1776, ulikataa na kutoa sababu. Katiba, walisema, ni mfumo wa kanuni unaomlinda mwananchi dhidi ya watawala. Chombo kinachoweza kuiandika kinaweza pia kuibadilisha, na katiba inayobadilishwa na baraza la kutunga sheria si ulinzi dhidi ya baraza hilo. Kwa hiyo lichaguliwe bunge maalumu la katiba, lifanye kazi hiyo moja, livunjwe. Leo wazo hili ni la kawaida duniani. Wakati ule, katika makoloni mengi, katiba ziliandikwa na mabaraza yaleyale yaliyokuwa yakiendesha vita.

Wakubwa hawakusikia. Mwaka 1777 baraza lilichaguliwa kwa idhini ya ziada ya kuandika katiba, likaimaliza Februari 1778 na kuipeleka mijini. Ilikataliwa kwa kura 9,972 dhidi ya 2,083. Sababu zilitofautiana na ni vyema kuzijua zote, kwa kuwa rasimu huuawa na maadui wasiopatana wenyewe kwa wenyewe. Haikuwa na tamko la haki. Mgawanyo wa viti uliiudhi miji mikubwa na midogo. Iliwanyima kura watu weusi, Wahindi Wekundu na machotara, na miji kadhaa iliona aibu hiyo na kuitaja. Wenye mali wa kaunti ya Essex, kwa kalamu ya mwanasheria kijana Theophilus Parsons, waliona mamlaka hayajatenganishwa vya kutosha na mali haina mlinzi.

Jaribio la pili lilianza na swali badala ya rasimu. Februari 1779 miji iliulizwa: mnataka katiba mpya, na mnataka bunge maalumu la kuiandika? Walikubali 6,612, wakakataa 2,639. Kisha likaja jambo ambalo halijatiliwa mkazo wa kutosha: wanaume wote huru waliotimiza miaka 21 waliruhusiwa kuchagua wajumbe na kuipigia kura rasimu, bila sharti la mali lililokuwapo kwenye chaguzi za kawaida.

Bunge la katiba lilikutana Cambridge Septemba 1, 1779, rais wake akiwa James Bowdoin. Kazi ya kuandika iligawanywa kwa njia ambayo kila kamati inaweza kujifunza. Wajumbe wote walichagua kamati ya watu 30. Hao 30 wakawapa watatu, Bowdoin, Samuel Adams na John Adams. Hao watatu wakamwachia John Adams. Mwandishi mmoja, wahariri wengi. Rasimu ilikuwa mezani mwishoni mwa Oktoba, na Novemba Adams alikuwa ameshapanda meli kwenda Ufaransa.

Kilichoikwamisha baada ya hapo ni hali ya hewa. Kikao kilichopangwa Boston Januari 1780 kiliangukia kwenye majira ya baridi makali kupita kiasi, barabara zikazibwa na theluji, na waliofika hawakutosha. Iliahirishwa wiki hadi wiki mpaka mwishoni mwa mwezi, na hata hapo wajumbe wa mbali walikuwa wachache, hivyo sauti ya mashariki ikazidi. Mtu anayepanga kalenda ya katiba aanze na barabara.

Machi 2, 1780 kazi ilikwisha. Nakala 1,800 zilichapwa na kupelekwa mijini kwa maelekezo haya: soma ibara kwa ibara, piga kura kwa kila ibara, andika idadi ya ndiyo na hapana, eleza pingamizi na marekebisho unayotaka, rudisha kabla ya kikao cha Juni. Kukubalika kulihitaji theluthi mbili.

Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba majibu ya miji yalikuwa mijadala halisi. Ubaya ni kwamba hayajumlishiki. Mji mmoja ulikataa ibara ya 3 ya tamko la haki, iliyolazimisha kodi ya kuwalipa wachungaji wa Kiprotestanti. Mwingine uliikubali ikirekebishwa. Wa tatu ulirekebisha bila kuandika idadi. Kamati ya kuhesabu ilikuwa na siku chache tu. Iliwahesabu waliotaka marekebisho kuwa wamekubali, na Juni 1780 bunge la katiba likatangaza kwamba kila ibara imepata theluthi mbili. Kwa ibara ya 3 hesabu hiyo haisimami ukiikagua upya. Ukitaka maoni, omba maoni. Ukitaka kura, uliza ndiyo au hapana. Ukichanganya vyote kwenye karatasi moja, mhesabuji ndiye atakayeamua.

Vipimo vilivyotoka

Gavana alichaguliwa na wananchi kila mwaka na alitakiwa kuwa na ardhi ya thamani ya pauni 1,000. Aliweza kuzuia muswada, na theluthi mbili ya kila baraza ikaweza kumpita. Seneti ilikuwa na viti 40, vikigawanywa kwa wilaya kulingana na kodi iliyolipwa. Kwa wawakilishi kipimo kilikuwa walipa kodi ya kichwa: 150 walitosha kupata mmoja, 375 wawili, 600 watatu, kisha mmoja kwa kila 225 waliozidi. Majaji walikaa muda wote wa mwenendo mwema, na ofisi kadhaa zilikatazwa kushikwa na mtu mmoja.

Mpiga kura alitakiwa kuwa mwanamume wa miaka 21 mwenye mali ya pauni 60 au ardhi ya kumpatia pauni 3 kwa mwaka. Kwa hiyo baadhi ya walioipigia kura katiba hii hawakuweza kumpigia kura gavana iliyemweka. Wanawake hawakuwamo. Kifungu cha rangi cha 1778 hakikurudi; Februari 1780 watu saba wenye asili ya Afrika wa mji wa Dartmouth, akiwamo Paul Cuffe, walikuwa wameandika ombi wakilalamikia kutozwa kodi huku wakinyimwa kura.

Kuiwasha

Serikali mpya huweza kufa siku ya kwanza ikiwa sheria zote za zamani zinakoma. Massachusetts ililikwepa hilo kwa vifungu viwili vya mwishoni visivyosomwa na wengi. Kimoja kilisema sheria zilizotumika zitaendelea hadi zibadilishwe, isipokuwa zinazopingana na katiba. Kingine kiliwaacha maofisa waliokuwapo waendelee na kazi mpaka wapya wachukue nafasi zao. Uchaguzi ulifanyika Septemba 4, 1780 na Hancock akaapishwa kuwa gavana Oktoba 25.

Mahakama zilizokuwa zimefungwa zilipofunguliwa, zilikutana na sentensi ya kwanza ya tamko la haki, kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Mwaka 1781 Elizabeth Freeman, mwanamke aliyekuwa mtumwa, alishinda kesi ya uhuru wake Great Barrington, mji uleule ulioanza kuwazuia majaji wa mfalme. Zikafuata kesi za Quock Walker, na mwaka 1783 Jaji Mkuu William Cushing aliwaeleza wajumbe wa juri kwamba utumwa haupatani na katiba hiyo. Sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Deni la vita halikufutwa na katiba. Serikali mpya iliamua kulilipa kwa kodi nzito, na mwaka 1786 wakulima wa magharibi, wengine wakiwa askari wa zamani kama Daniel Shays, walirudi kufanya walichojua: wakazifunga mahakama. Safari hii serikali iliwatuma wanamgambo dhidi yao, chini ya Benjamin Lincoln, katibu wa kongresi ya Concord.

Katiba yenyewe ilikuwa imejiwekea tarehe ya kukaguliwa. Mwaka 1795 miji iulizwe kama inataka bunge jingine la marekebisho, na theluthi mbili wakitaka, liitwe. Miji iliulizwa, theluthi mbili haikupatikana, na marekebisho ya kwanza yakangoja bunge la katiba la 1820, Maine ilipokwisha kujitenga na viti vikahitaji kugawanywa upya.